Jina Moja, Wenyewe Wawili

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka. Inachapwa hapa kwa maombi ya Kamati.)



Kamati iliponiandikia kunitaka nizungumze, haikuniachia nafasi ya kuchagua mada. Mada ilikwisha chaguliwa na ubishi. Mliohudhuria chakula cha jioni mwaka jana mtakumbuka kwamba wenzetu wawili, wa kidato kimoja na bweni moja, nusura wakunjiane mashati kwa sababu ya chupa ambayo hata haikuwapo mezani. Mmoja amefanya kazi Dublin miaka kadhaa. Mwingine alisoma Birmingham. Wa Dublin alisema kwamba saida iitwayo Bulmers ni ya Ayalandi, hutengenezwa mji wa Clonmel, na aliyetaka kubisha na aende akaone. Wa Birmingham alisema ni ya Uingereza, hutengenezwa Hereford, na yeye amepita mara nyingi mbele ya lango la kiwanda. Kila mmoja akamwona mwenzake mzushi.

Kamati ikaona kwamba, kwa kuwa mimi nilikuwa afisa forodha, na kwa kuwa kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kusoma yale maandishi madogo ya nyuma ya chupa ambayo mnunuzi hayasomi, basi niwe mwamuzi. Nimekubali. Hukumu naitoa mapema ili watu wale kwa amani: wote wawili walisema kweli. Kazi iliyobaki ni kueleza jambo hilo linawezekanaje, na kwa nini linatuhusu sisi hapa ambao matufaha hatuna.

Ndugu Mkuu wa Shule amenipa ruhusa kwa sharti kwamba nizungumzie lebo, nisizungumzie utamu. Sharti hilo ni la haki, nami nitalitunza.

SAIDA NI NINI

Kwa wale wasioijua, na natumaini vijana wote wa hapa wamo katika kundi hilo, saida ni maji ya tufaha yaliyochachuka. Tufaha ninalolisema ni tunda la nchi za baridi, lile ambalo mtaani mnaliita epo. Siyo tufaa letu la pwani lenye kokwa kubwa. Matufaha hupondwa, hukamuliwa, na maji yake huachwa yachachuke kwa hamira mpaka sukari igeuke kileo. Hayachemshwi kama bia. Kwa hiyo, ingawa saida huuzwa kaunta moja na bia, si wa ukoo mmoja. Ukoo wake ni wa divai, na ndugu zetu wa Kagera wakitaka kumfahamu wamfikirie kuwa binamu wa rubisi, ambayo nayo huanza kwa kukamua tunda.

Hata neno lenyewe lina mitego. Ukimwomba Mmarekani akupe saida, bila kuongeza neno, huenda akakupa maji ya tufaha yasiyochujwa, yasiyo na kileo, ambayo hata mtoto hunywa wakati wa mavuno. Akitaka ile iliyochachuka yeye husema saida kali. Mwingereza akisema saida, ana maana ya iliyochachuka tu. Basi kabla hatujafika kwenye majina ya chapa, tumekwisha kuona neno moja likibeba vitu viwili kwa sababu ya kuvuka bahari. Vijana, liwekeni hilo akilini, maana ndilo jambo lote la leo kwa umbo dogo.

KIJANA WA HEREFORD

Twende Hereford, magharibi ya Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Mwaka 1887 kijana mmoja, Percy Bulmer, mtoto wa kasisi wa kijiji cha Credenhill, alianza kutengeneza saida. Alikuwa na umri wa miaka 20. Pumu ilikuwa imemkosesha masomo mengi utotoni, kwa hiyo hakuwa na elimu ya kumpatia kazi ya ofisini. Inasimuliwa kwamba mama yake ndiye aliyemshauri ashike biashara ya chakula au ya kinywaji, kwa kuwa hivyo viwili havipitwi na wakati. Ndugu yake, Fred, aliyekuwa amesoma Cambridge, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kufundisha watoto wa Mfalme wa Siam, nchi ambayo leo twaiita Thailand. Akaiacha nafasi hiyo, akaja kumsaidia mdogo wake kukamua matufaha.

Wanafunzi wanaodhani kwamba aliyekosa vyeti amekosa vyote, na wale wenye vyeti wanaodhani kazi ya mikono ni ya wengine, nawaachia hao ndugu wawili wawatafakari wenyewe.

Biashara ilikua. Kampuni ikaitwa H.P. Bulmer, na ikawa mtengenezaji mkubwa wa saida kupita wote Uingereza. Hilo ndilo jina alilolijua mwenzetu wa Birmingham, na hakukosea.

BWANA MAGNER WA CLONMEL

Sasa tuvuke Bahari ya Ayalandi. Mwaka 1935, katika mji wa Clonmel, jimbo la Tipperary, Bwana William Magner alianza kutengeneza saida yake. Miaka miwili baadaye, 1937, H.P. Bulmer wa Hereford wakanunua nusu ya biashara hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakachukua na nusu iliyobaki, na kiwanda kikaitwa Bulmers wa Clonmel. Jina la Magner likatoka kwenye chupa. Saida ikaendelea kutengenezwa mji ule ule, lakini chini ya jina la mtoto wa kasisi wa Credenhill.

Baadaye kiwanda cha Clonmel kilitoka mikononi mwa Hereford, na mwishowe kikawa mali ya kampuni ya Ayalandi iitwayo C&C. Hapa ndipo penye fundo. Viwanda vilipoachana, jina halikwenda upande mmoja. Liligawanywa kama shamba la urithi. Wa Clonmel walibaki na haki ya kutumia jina Bulmers ndani ya Jamhuri ya Ayalandi. Wa Hereford walibaki nalo Uingereza na kwingineko. Tangu hapo kukawa na saida mbili, za viwanda viwili, za wenyewe wawili, na zote mbili zikiitwa Bulmers. Na hakuna aliyemwibia mwenzake.

Mambo yalikwenda hivyo bila taabu maadamu kila mmoja alikaa kwenye shamba lake. Lakini wa Clonmel walipotaka kuuza nje ya Jamhuri yao, walikuta mlango umefungwa. Wasingeweza kupeleka Uingereza chupa iliyoandikwa Bulmers, kwani huko jina hilo lilikuwa na mwenyewe. Ndipo mwaka 1999 wakafukua jina la mzee wao wa kwanza, wakaongeza herufi moja, wakaandika Magners. Bwana Magner akarudi kwenye chupa baada ya nusu karne na zaidi. Wala hakurudishwa kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Alirudishwa kwa sababu sheria ilimzuia Bulmers kuvuka mpaka.

Na mpaka wenyewe, ndugu zangu, si lazima uwe bahari. Ayalandi ya Kaskazini ni sehemu ya Dola ya Uingereza. Kutoka mji wa Dundalk, ulio ndani ya Jamhuri, mpaka Newry, ulio upande wa Kaskazini, ni safari fupi ya gari, hata nusu saa haifiki. Ukiagiza Dundalk unapewa Bulmers. Ukiagiza Newry kinywaji kile kile, cha kiwanda kile kile, unapewa Magners. Kilichobadilika njiani ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Tena tazameni ajabu yake. Miaka ya 2005 na 2006 Magners ilivuma sana Uingereza, ikinywewa kwa kumiminwa juu ya barafu. Hazikupita siku nyingi, wa Hereford nao wakawa wanauza chupa kubwa ya Bulmers ya kumiminwa juu ya barafu vile vile. Basi katika baa ya London, Magners na Bulmers husimama rafu moja kama mahasimu. Mtu wa Dublin akiingia humo na kuagiza Bulmers, akidhani anapata ya kwao, amempa fedha mshindani wa kwao. Ya kwao ni ile ya pembeni yenye jina asilolizoea.

JE, YA HEREFORD NI YA WAINGEREZA?

Hapo mwenzetu wa Birmingham atatabasamu na kusema, alau yangu ni ya Waingereza. Nasikitika kumpunguzia furaha kidogo. Kiwanda kipo Hereford, ndiyo. Lakini mwaka 2003 kampuni ya H.P. Bulmer ilinunuliwa na Scottish & Newcastle, wapika bia. Mwaka 2008 Scottish & Newcastle nao wakanunuliwa na makampuni mawili kwa pamoja, Carlsberg ya Denmark na Heineken ya Uholanzi, yakagawana nyama; fungu la Uingereza likaenda kwa Heineken. Kwa hiyo Bulmers ya Hereford ina jina la Kiingereza, hutengenezwa Uingereza, na faida yake mwisho wa mwaka inahesabiwa Amsterdam.

Twajifunza kwamba swali la "ni ya nani?" kwa kweli ni maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja. La kwanza, jina lilianza wapi? La pili, kinywaji kinatengenezwa wapi na nani? La tatu, nani mwenye jina katika nchi hii, mwaka huu? Wenzetu wawili walijibu la pili, kila mmoja kwa nchi yake, wakadhani wamejibu yote.

MFANO WA PILI: STRONGBOW

Msije mkasema Bulmers ni kisa cha pekee. Hereford hao hao, mwanzoni mwa miaka ya 1960, walileta saida nyingine wakaiita Strongbow. Hilo ni jina la utani la bwana mmoja wa Kinormani, Richard de Clare, aliyeingia Ayalandi na jeshi mwaka 1170. Yaani saida ya Uingereza ilipewa jina la mtu aliyewavamia wenye Clonmel! Lakini hayo ni ya historia, tuangalie umiliki.

Nchini Australia Strongbow ilitengenezwa kwa miaka mingi na tawi la Bulmer la huko huko. Mwaka 2003, kampuni mama ilipokuwa matatizoni, jina hilo kwa Australia likaenda kwa kampuni ya Foster's. Kuanzia hapo Strongbow ya London na Strongbow ya Sydney zikawa za watu wawili tofauti. Mwaka 2011 Foster's ikanunuliwa na SABMiller. Mwaka 2016 SABMiller ikamezwa na AB InBev. Mwaka 2020 Asahi ya Japani ikanunua biashara ya Australia, lakini mamlaka ya ushindani wa biashara ya huko ikasema: mkichukua na saida hizi mtakuwa wakubwa mno sokoni. Wakalazimika kuiachia Strongbow, nayo ikaenda kwa Heineken. Kwa hiyo, baada ya miaka 17 ya kuzunguka mikono ya watu, jina lilirudi kwa yule yule mwenye Hereford.

Msishangilie bado. Afrika Kusini ilikuwa kinyume chake. Huko saida mbili zinazojulikana sana ni Hunter's, iliyoanza 1988, na Savanna, iliyoanza 1996, na mwenyewe alikuwa kampuni ya Distell. Heineken ilipotaka kuinunua Distell, mwaka 2023 ilikubaliwa kwa masharti. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba iachane na biashara ya Strongbow nchini humo, ili mtu mmoja asishike karibu saida zote. Basi Heineken huyo huyo aliyeipata Strongbow Australia, miaka mitatu tu baadaye alitakiwa kuiacha Afrika Kusini. Ukimwuliza mtu "Strongbow ni ya nani?" bila kumtajia nchi na mwaka, umemwuliza swali lisilo na jibu.

HATA HAPA KWETU

Huenda kijana mmoja pale nyuma anasema moyoni, hayo ni ya Wazungu. La, mwanangu. Wazee waliopo hapa watanisaidia kukumbuka.

Tusker ni bia ya Kenya. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1922, na jina lilitokana na tembo dume aliyemwua mmoja wa waanzilishi wake. Castle ni bia ya Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wenye Castle walijenga kiwanda Thika ili wapambane na Tusker nyumbani kwake, na wenye Tusker walikuwa na kiwanda chao Moshi, wakipambana na Tanzania Breweries. Mwaka 2002 wakuu hao wakachoka kuumizana, wakapatana. Kiwanda cha Thika kikafungwa, cha Moshi kikafungwa. Castle ya Kenya ikawa inapikwa na wenye Tusker, na Tusker ya Tanzania ikawa inapikwa na Tanzania Breweries. Yaani kila mmoja akawa mpishi wa bia ya hasimu wake.

Mapatano hayo nayo yakaisha. Mwaka 2010 wenye Tusker walinunua asilimia 51 ya Kampuni ya Bia ya Serengeti, na mwaka uliofuata wakauza hisa zao asilimia 20 walizokuwa nazo Tanzania Breweries. Tusker ikahamia kwa Serengeti.

Basi tufananishe. Kule Dundalk na Newry, mtengenezaji ni mmoja na jina hubadilika mpakani. Kwetu Namanga, jina lilibaki moja na mtengenezaji akabadilika mpakani. Mlevi wa Arusha na mlevi wa Nairobi wakibishana juu ya Tusker iliyo halisi miaka ile, walikuwa katika ubishi ule ule wa wenzetu wa mwaka jana.

KWA NINI IWE HIVI

Sababu ni sheria, na sheria yenyewe si ngumu. Jina la bidhaa likisajiliwa huitwa alama ya biashara, nayo ni mali kama nyumba au ng'ombe. Inaweza kuuzwa, kurithiwa, kukodishwa, na kugawanywa. Lakini tofauti na ng'ombe, alama haitembei na mwenyewe. Inaishi ndani ya mipaka ya nchi iliyoisajili. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao mataifa mengi yamejiunga nao, yetu ikiwamo, unaitambua kila alama kwa kila nchi kuwa kitu cha peke yake. Ukiisajili kwako, haijasajiliwa kwa jirani. Ukiipoteza kwa jirani, hujaipoteza kwako.

Na sasa nakuja kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Sisi Watanzania tuna Dundalk na Newry yetu, na wengi hatujui. Usajili wa alama za biashara si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 1986, na daftari lake linatunzwa na BRELA. Zanzibar ina sheria yake na daftari lake, kwenye wakala wake wa usajili, BPRA. Aliyesajili jina Dar es Salaam hajasajili Unguja. Aliyesajili Unguja hajasajili Dar es Salaam. Boti huvuka kwa saa mbili hivi, na jina lako huachwa gatini.

Namjua kijana mmoja aliyemaliza hapa hapa. Jina lake na la bidhaa yake nayahifadhi. Alitengeneza achari ya embe, nzuri, akaipa jina zuri la bibi yake. Akaisajili Bara. Ikauzika Kariakoo, ikauzika Morogoro, akafurahi. Alipoanza kuvusha makasha kwenda Unguja, alikuta mfanyabiashara mwingine amekwisha kusajili jina hilo kule, kihalali, kwa bidhaa ya aina hiyo hiyo. Hakukuwa na wizi, wala hakukuwa na wa kumshtaki. Ilimbidi apige chapa lebo nyingine kwa ajili ya upande wa pili wa maji. Leo achari ile ile ina majina mawili, na wateja wa Bara wanaoikuta Darajani huipita wakidhani ni ngeni.

Nilimsimulia habari ya Magners, nikamwambia: tazama, jina la pili laweza nalo kukua, hata likavuma kupita la kwanza. Akanijibu: "Mzee, lakini hili la pili si la bibi yangu." Sikuwa na la kumwongezea.

MANENO KWA VIJANA, NA HOJA KWA WAZEE

Vijana, nawaachia mambo matatu.

Mosi, jifunzeni kusoma upande wa nyuma. Upande wa mbele wa chupa, wa kopo, wa mfuko wa unga, umeandikwa na mtu anayetaka fedha zako. Upande wa nyuma umeandikwa na mtu anayeogopa sheria. Hapo utakuta imetengenezwa na nani, wapi, na kwa idhini ya nani. Neno "kwa idhini ya" ni dogo, lakini mara nyingi ndilo linaloonyesha kwamba mwenye jina na mwenye sufuria ni watu wawili.

Pili, ukibishana na mtu juu ya jambo kama hili, kabla hujamwita mwongo, mwulize: "Wewe unasemea nchi gani, na mwaka gani?" Mara nyingi utakuta mnasimama pande mbili za mpaka, kila mmoja akieleza kwa uaminifu anachokiona. Swali hilo moja lingetuokolea saa nzima ya chakula cha jioni mwaka jana, na wali ungeliwa ukiwa moto.

Tatu, ukitengeneza kitu chako mwenyewe, jina lisiwe jambo la mwisho. Percy Bulmer alianza na umri wa miaka 20, na jina lake lingali linagombewa hata leo. Wako wengi hapa watakaokuwa na umri huo baada ya miaka miwili mitatu.

Na kwenu wazee wenzangu, Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.

Tumeona leo asubuhi mizinga ya kilabu cha nyuki nyuma ya maktaba. Tumeona chupa za asali zikiwa na lebo waliyoichora wanafunzi wenyewe, yenye jina la shule na mlima wetu. Asali hiyo huuzwa kwa wazazi siku ya kuwatembelea wanafunzi, na mwalimu msimamizi ameniambia kwamba duka moja mjini limekwisha kuomba makasha, na mzazi mmoja anataka kuipeleka Unguja, kwenye hoteli. Nilimwuliza kama jina limesajiliwa. Akacheka, akasema asali ni ya watoto, nani atalitaka jina lake?

Ndugu zangu, hata Bwana Magner mwaka 1935 alikuwa mtu mmoja katika mji mdogo. Jina halina anayelitaka mpaka siku linapoanza kuuza, na siku hiyo ndiyo mtu wa kwanza kufika kwenye daftari huwa si lazima yule aliyefuga nyuki.

Kwa hiyo natoa hoja kwamba Chama chetu kilipe ada ya kusajili jina na lebo ya asali ya shule katika madaftari yote mawili, la Bara na la Zanzibar, kabla ya mavuno yajayo. Isajiliwe kwa jina la Shule, wala isiwe ya mwalimu, ya mzazi au ya Chama chetu, ili siku sisi na walimu wa leo tutakapokuwa tumeondoka, watakaokuja wasiwe na haja ya kubishana ni ya nani. Mimi naanza kwa kuchangia nusu ya ada ya daftari moja. Nawaomba wenzetu wawili wa mwaka jana, kwa kuwa ndio walioniletea taabu hii, wachangie la pili kwa pamoja, wa Dublin nusu na wa Birmingham nusu.



(Hoja iliungwa mkono na kupitishwa bila kupingwa. Wenzetu wawili waliotajwa walitoa michango yao pale pale. — Mhariri)